Mkanda Haukusimama

Kengele yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, ya shaba, ya kuvutwa kwa kamba, imening'inizwa juu ya meza ya ukaguzi katikati ya kiwanda cha ngazi. Ungeipita usiitupie jicho mara mbili. Lakini waulize waliofanya kazi pale, watakueleza habari zake kama watu wanaosimulia harusi yao. Kila aliyeajiriwa alifundishwa jambo hilo kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo: ukiona kasoro, yoyote ile, vuta kamba. Mkanda unaopitisha ngazi utasimama, mashine zitanyamaza, na kiwanda kizima kitakugeukia kikupigie makofi. Hakuna atakayekufokea, wala hakuna atakayekuuliza wewe nani hata usimamishe kazi za watu.

Wa kwanza kuivuta alikuwa mkaguzi mmoja mwanamke, na ndiyo maana wakamwita Mama Kengele. Siku hiyo alikuwa mgeni, ovaroli yake bado ina mikunjo ya dukani. Kazi aliyopewa ni kushika kila kipago cha ngazi, pale mtu anapokanyaga akipanda, na kukisokota kwa mikono miwili kama anayekamua shuka. Kipago kizima hakikubali kusokotwa. Kibovu huzunguka kidogo na kutoa mlio mwembamba, kri, kwa sababu ribiti zinazokibana kwenye mguu wa ngazi zimelegea. Aliusikia mlio huo, akaitazama kamba. Mgeni asimamishe kiwanda? Si atarudishwa nyumbani leo leo? Akapiga moyo konde, akavuta.

Mkanda ukasimama. Mkurugenzi akateremka ngazi za ofisini mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa. Hakupenda kuitwa bosi; wote walimwita Kaka, naye aliwaita dada zake na wadogo zake, na majina ya watoto wao aliyajua. Akakisokota kile kipago, akausikia mlio, akawageukia wafanyakazi. "Leo huyu dada ameokoa shingo ya mtu asiyemjua," akasema, na akaanza kupiga makofi yeye wa kwanza. Mama Kengele alilia mbele za watu bila haya. Tangu siku hiyo, kama ulitaka ugomvi naye, ungesema tu neno baya juu ya kiwanda kile.

Akaibeba kengele mpaka nyumbani, kwa namna yake. Mumewe alikuwa fundi rangi, mama mkwe wake aliishi nao, na walikuwa na binti mmoja. Hapo nyumbani mtu akiona kasoro, mboga imezidi chumvi au suruali ya Fundi imepasuka nyuma, aligonga kifuniko cha sufuria, na wote wakapiga makofi. Ulikuwa mchezo, lakini uliwazoesha kuambiana ukweli bila kununiana. Mama mkwe ndiye aliyeupenda kuliko wote. Alifikia kugonga hata kasoro za majirani, mpaka akaombwa apunguze.

Mambo yalianza kwenda kombo lini? Mama Kengele mwenyewe ukimwuliza atakuna kichwa. Pengine ni pale Kaka alipotaka kengele ilie zaidi. Akaanzisha picha ya Nyota wa Kengele kwenye ubao wa matangazo, na sehemu ya kiwanda iliyoivuta kamba kuliko nyingine ikawa inanyweshwa soda. Basi watu na soda! Kengele ikalia kwa taa iliyofifia, ikalia kwa fagio lililoachwa njiani, ikalia kwa mtu aliyekosea kufunga vifungo vya ovaroli. Yule wa mashine ya ribiti, mwanamke mwenye hasira za karibu waliyemwita Kibiriti, aligonga kwa sababu chai ilikuwa imepoa, na picha yake ikabandikwa, kakunja uso vilevile. Mkanda ukawa unasimama ovyo, na nje madereva wa malori wanangoja mzigo huku wamelala na miguu dirishani.

Kikaitishwa kikao. Kaka akapanda juu ya kreti ili wa nyuma wamwone. "Ndugu zangu, tumekua," akasema. "Familia iliyokua haihitaji kusimama kila inapoambiana ukweli. Kuanzia leo kengele ikilia tutapiga makofi kama kawaida yetu, mkanda utaendelea, na timu ya ufuatiliaji itafuatilia."

Watu wakashangilia. Mama Kengele naye alishangilia, tena kwa nguvu, maana maneno yalikuwa na akili na Kaka alikuwa hajawahi kumdanganya. Ni baada ya kurudi mezani kwake ndipo swali lilipomjia: hiyo timu ya ufuatiliaji ni akina nani?

Akamwuliza msimamizi wa zamu. Msimamizi akasema nadhani ni watu wa stoo. Watu wa stoo wakashangaa, wakasema hayo ni mambo ya ofisini. Ofisini kulikuwa na karani aliyempokea vizuri sana, akampa kiti, akamwambia, "Dada, si ninyi wa ukaguzi?" Mama Kengele akacheka, akidhani anataniwa. Karani hakucheka.

"Basi labda timu ni mimi," akamwambia Kibiriti wakati wa chai.

"Kama ni wewe, jifuatilie," Kibiriti akasema. "Mimi niache ninywe chai."

Halafu wakampunguzia mzigo. Hayo ni maneno yao, si yangu. Kila ngazi iliyopita mikononi mwake ikawa nzima alikuwa akiibandika alama ya jicho la kijani, na chini ya jicho palichapwa namba ya meza yake. Ile iliyokuwa mbovu aliichora ndoano kwa chaki nyekundu mguuni, ikapelekwa kwenye pembe waliyoiita wodi, ikangoje kubanwa ribiti upya. Sasa akaambiwa rola ya macho ya kijani itakaa kwa wafungaji mzigo, ili yeye asihangaike kubandika. Alishukuru, maana mgongo ulikuwa unamsumbua. Akaona pia kwamba wodi siku hizi iko tupu kila asubuhi, akasema moyoni, ama kweli tunafanya kazi nzuri. Mtu akipenda hukubali kusaidiwa kudanganywa, na yeye alipenda kweli.

Kisha likaja lile kundi la ngazi ndefu, zile zinazonunuliwa na mafundi. Kipago cha kwanza alichoshika kikalia. Cha pili kikalia. Ngazi iliyofuata, vivyo hivyo. Akavuta kamba.

Kengele ikalia, na kiwanda kizima kikapiga makofi, wengine bila kugeuka, mkono mmoja ukigonga paja kwa sababu mwingine umeshika bisibisi. Mkanda haukusimama. Ngazi zikampita moja baada ya nyingine kuelekea kwa wafungaji. Akavuta tena, wakapiga tena, mmoja akapiga na mluzi. "Hapana, jamani, hizi ni mbovu kweli!" akapaza sauti, na msimamizi akamwonyesha dole gumba kwa mbali, uso umejaa upendo. Akabaki kuchora ndoano nyekundu kwenye kila mguu aliouwahi. Baadaye alipotulia alikumbuka jambo lililomtia aibu: ile mara ya pili, watu walipopiga makofi, na yeye mikono yake ilikuwa imepiga.

Usiulize alivyojisikia. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu, hasira unajua pa kuipeleka. Alikuwa amepotea ndani ya chumba anachokijua. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kengele, makofi, tabasamu, na hakuna kilichofanya kazi yake. Akajiuliza kama ni yeye aliyeelewa vibaya tangu mwanzo, kwamba pengine kengele haikuwa ya kusimamisha kitu, ilikuwa ya kufurahisha watu tu, na wenzake wote wanalijua hilo isipokuwa yeye.

Akapanda ofisini kwa Kaka.

Kaka alisimama alipomwona, akamvutia kiti, akazima simu yake kabisa. Mama Kengele akaeleza yote: vipago vinavyolia, mkanda usiosimama, timu isiyojulikana. Kaka alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, macho ya mwanamume yule yalikuwa na unyevu, na hapo hakuna aliyetia chumvi, aliyaona mwenyewe.

"Dada," akasema, "unajua kwa nini nalala usingizi? Kwa sababu kuna mtu kama wewe pale chini. Wewe ndiye roho ya kiwanda hiki."

"Asante, Kaka. Lakini zile ngazi..."

"Nimekusikia. Nimekusikia kwa moyo wote." Akamshika mikono yote miwili.

Mama Kengele akatoka roho imemtulia, nyepesi kabisa. Alifika nusu ya ngazi za kushukia ndipo akasimama. Kaka alikuwa amesema nini hasa kuhusu vile vipago? Akarudia mazungumzo kichwani, neno kwa neno, akatafuta. Hakupata kitu. Akapanda tena, akachungulia kwenye kioo cha mlango. Kaka alikuwa ameshawasha simu na kuiweka sikioni. Akamwona, akatabasamu, akajiwekea mkono kifuani kuonyesha shukrani. Ungefanyaje? Alishuka.

"Kakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," Kibiriti akasema aliposimuliwa.

"Alitaka kulia, Kibiriti. Mtu hawezi kuigiza vile."

"Sikusema kaigiza. Nakuuliza, zile ngazi ziko wapi?"

Walitazama wote wawili upande wa wodi. Palikuwa peupe, pamefagiliwa.

Wiki hiyo wakamtangaza Balozi wa Kengele. Walimvika utepe begani, Kaka akasimulia upya ile siku ya kwanza, ovaroli ya dukani na machozi, na safari hii hadithi ilikuwa nzuri zaidi kuliko ilivyotokea. Akasema Balozi ana mume fundi rangi ambaye bado anapandia ngazi ya mbao ya miaka hiyo. Basi kiwanda kinampa shemeji yetu ngazi mpya, ndefu, ya alumini, na gari la kiwanda litaifikisha nyumbani. Makofi yakapigwa mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye mapaa.

Na yeye alifurahi, msimcheke. Ngazi ya Fundi ilikuwa imeoza mguu mmoja, imefungwa kwa waya, na kila mumewe alipotoka kwenda kazini yeye alimezwa na wasiwasi. Alisema moyoni, angalia, mtu anayekumbuka ngazi ya mume wako atakuwaje mtu mbaya? Na mtu ambaye si mbaya atakuwaje amewaachia wateja vipago vinavyolia? Mambo hayo mawili yalikataa kukaa pamoja kichwani mwake. Akiinua moja, jingine linaanguka. Mpaka zamu ikaisha hajui ashike lipi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya nusu kutwa. Alipoingia uani kwao, gari la kiwanda lilikuwa limeshakuja na kuondoka. Fundi hakuwa mtu wa kungoja. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani mbele ya nyumba, inang'aa, na yeye yuko juu kabisa, karibu na bati, anapaka rangi ule ukanda wa juu aliokuwa akiahidi kuupaka tangu binti yao anatambaa. Chini mama mkwe amekaa kwenye kigoda, ndiye mnyapara. Binti ameshika kopo la pili la rangi.

"Njoo uone, Balozi!" Fundi akamwita kutoka juu. "Hii si ngazi, hiki ni kitanda! Naweza kulala huku."

"Nimemwambia kiwanda kinampenda mke wake kuliko yeye," mama mkwe akasema.

Mama Kengele akacheka, akasogea. Mkono wake ukaenda kwenye mguu wa ngazi wenyewe, kwa mazoea ya kazi. Jicho la kijani lilikuwa pale, limebandikwa vizuri, limenyooka. Kando yake, ndani ya mfereji mwembamba wa alumini ambako kitambaa hakifiki, kulikuwa na wekundu. Akainama. Ni chaki. Mtu alikuwa ameifuta, akafuta na mate pengine, lakini mkunjo wa chini ulibaki. Aliijua ile ndoano jinsi mtu anavyoijua saini yake.

Juu, Fundi akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Kri.

"Shuka," akasema. Akaishika ngazi. "Fundi, shuka. Ngazi mbovu."

Mama mkwe, kwa mazoea ya miaka, akachukua kifuniko cha kopo, akakigonga ukutani. "Mama Kengele ameona kasoro!" Akaanza kupiga makofi. Binti akaweka kopo chini, akapiga makofi. Majirani wawili waliokuwa wakipita wakasimama nje ya ua, wakapiga makofi, kwa kuwa mchezo wa nyumba hiyo waliujua. Na Fundi huko juu akaachia ukuta, akainama kama mchezaji jukwaani, brashi kifuani.

Kri.

"Msipige makofi!"

Hakuwa amewahi kupiga ukelele wa namna ile katika nyumba hiyo. Makofi yakakatika. Mama mkwe akabaki na viganja hewani. Mama Kengele alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, shavu kwenye alumini, na machozi yanamtoka bila ya yeye kuyajua.

"Shuka, baba. Polepole. Kanyaga pembeni, karibu na mguu wa ngazi, usikanyage katikati. Nakuomba."

Fundi akatazama chini, akauona uso wa mkewe. Akaweka brashi kwenye bati, akashuka pembeni pembeni kama alivyoambiwa. Alipokanyaga ardhi mkewe hakumwachia shati mpaka mama mkwe alipomtoa vidole kimoja kimoja.

Wakailaza ngazi uani. Fundi akapiga magoti, akakisokota kile kipago cha juu, kikazunguka mkononi mwake kama kifuniko cha chupa.

"Nani alisema ni mbovu?" akauliza.

"Mimi. Ile alama nyekundu ni yangu."

"Na nani alisema ni nzima?"

Alilitazama jicho la kijani na namba iliyochapwa chini yake. "Mimi vilevile," akasema. "Ile namba ni ya meza yangu."

"Sasa mwanangu, wewe uko upande gani?" mama mkwe akauliza. Hakuwa na utani, alitaka kujua.

Simu ikalia mfukoni mwa Mama Kengele. Ulikuwa ujumbe wa Kaka. Aliuandika mwenyewe, si karani, maana alianza na salamu kwa mama mkwe na kwa binti, kwa jina. *Dada, zawadi imefika salama? Mpige picha shemeji akiwa juu kabisa, utuletee tuibandike ubaoni Jumatatu. Familia nzima inangoja kuiona.*

Akausoma, akausoma tena, akampa Fundi asome. Hapo ndipo akili ilipomgoma Mama Kengele kabisa. Mtu anayejua kwamba ngazi ni mbovu angeomba picha ya mwenzake akiwa juu yake? Asingeomba. Basi hajui. Lakini si alimwambia? Alikaa naye uso kwa uso, simu imezimwa, mikono imeshikwa. Basi anajua. Alisikia kwa moyo wote, na kilichosikiwa hakikushuka hata hatua moja kutoka ofisini. Kama angekuwa mwongo, angemchukia, yaishe. Angependa iwe hivyo. Lakini alijua Jumatatu akimkuta mlangoni, yule mtu atafurahi kumwona, na furaha yenyewe itakuwa ya kweli.

"Mjibu," Fundi akasema.

Akaandika, akafuta. Akaandika tena. *Kaka, hii ni moja ya zile nilizokwambia. Kipago cha juu kinazunguka. Ina ndoano yangu nyekundu, mtu ameifuta. Mume wangu angekufa leo. Njoo nyumbani wewe, upande mpaka juu, nami nitakupiga picha.*

Akautuma kabla hajabadili mawazo. Wote wanne wakaizunguka simu ile ndogo, mama mkwe amevaa na miwani yake. Maneno yakaonyesha kwamba Kaka anaandika. Yakapotea. Yakarudi. Moyo ulimwenda mbio kwa namna ile ile ya siku ya kwanza alipovuta kamba, na kwa kitambo kidogo aliamini, jamani, aliamini kabisa, kwamba huyu mtu atawasha gari aje.

Jibu likaingia. Hapakuwa na neno hata moja, ila vile vimikono vya njano vinavyopiga makofi, vimepangwa mstari mzima, na moyo mwekundu mwishoni.

Binti akamtazama mama yake kujua kama ni la kuchekwa. Mama Kengele akailaza simu kifudifudi juu ya kigoda, akalibandua jicho la kijani kwenye mguu wa ngazi, akalikunja mpaka likawa kidonge. Kisha akamwambia mumewe alete msumeno wa chuma, waikate ngazi vipande vipande kabla hajatokea mtu wa kuiazima.